Aliye Juu Mngoje Chini: Maisha ya Alberto Santos-Dumont

Askari apitaye doria alfajiri katika barabara itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba mpakani mwa Sudan Kusini, huona kando yake kitu ambacho babu yake hakukiona katika ujana wake: nguzo za umeme zimepangana kama gwaride, na nyaya zimetandazwa juu ya mashamba ya mihogo na tumbaku. Kwa miaka mingi mji wa Arua uliangazwa na mashine za dizeli, tena kwa saa chache tu. Mwaka 2012 kituo cha nguvu za maji cha Nyagak, karibu na Paidha, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kazi. Katika miaka ya 2020 nyaya kubwa za volti 132,000 zikaiunganisha Arua na umeme wa taifa. Hayo ni maendeleo, nasi twayapokea kwa furaha.

Hata hivyo, nyaya zile zile zimpazo mwanga mtu wa chini huwa mtego kwa mtu atokaye juu. Rubani wa helikopta azihofu, askari wa mwavuli azihofu, na zaidi ya wote azihofu mwenye kupanda baluni, ambayo wengine huiita puto, kwa kuwa chombo chake hakina usukani wala breki. Huenda upepo uendako. Baluni si jambo la kila siku katika anga ya West Nile, lakini si ngeni tena katika Afrika ya Mashariki. Watalii wamekuwa wakipandishwa kwa baluni za hewa moto katika Masai Mara tangu mwaka 1976, na ng'ambo ya Nile, katika mbuga ya Murchison Falls, zimekwisha kuonekana vilevile. Chombo cha namna hiyo kikishuka mahali pasipotazamiwa, wa kwanza kufika si mhandisi wala daktari. Wa kwanza kufika ni askari aliye karibu.

Kwa sababu hiyo tumeona vema leo kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyeushangaza ulimwengu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wengi wakimtaja humtaja kwa jinsi alivyopanda. Sisi tutatazama zaidi jinsi alivyoshuka, na ni akina nani waliomngoja chini.

MTOTO WA SHAMBA LA KAHAWA

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1873 katika jimbo la Minas Gerais nchini Brazili. Baba yake, Henrique Dumont, alikuwa mhandisi aliyegeuka mkulima, naye akawa miongoni mwa wenye mashamba makubwa kabisa ya kahawa nchini humo. Msomaji wa West Nile ayajuaye mashamba ya kahawa ya milima ya Paidha asifikiri shamba la Dumont lilikuwa la namna hiyo. Lilikuwa na reli yake lenyewe na treni za kubebea mavuno, na mashine za kukoboa na kuchambua buni mchana kutwa. Alberto alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili aliruhusiwa kuendesha garimoshi la shamba. Mikono yake ilizoea vyuma na mikanda ya mashine mapema, na usiku alisoma hadithi za Jules Verne, zilizojaa watu wasafirio angani na chini ya bahari.

Mwaka 1890 baba yake alianguka kutoka katika gari la farasi akapooza. Shamba likauzwa, na jamaa ikasafiri kwenda Ulaya kutafuta tiba. Mwaka 1892 mzee huyo, akijua kwamba siku zake zimehesabika, alimpa kijana wake urithi wake mkononi na kumshauri aende Paris akajifunze mambo ya mashine, kwa kuwa aliamini huko ndiko uliko mwelekeo wa dunia. Mwaka huo huo mzee akafariki. Alberto akabaki na mali nyingi, umri wa miaka kumi na tisa, na hamu moja tu moyoni.

Alikuwa mtu mfupi na mwembamba, mzito wa kilo hamsini hivi, nadhifu wa mavazi, mpole wa maneno. Aliyemtazama asingedhani kuwa ndani ya umbo hilo dogo mna ushujaa.

SOMO LA KWANZA: KAMBA NA MWALONI

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze chombo chenyewe. Baluni za siku zile zilikuwa mifuko mikubwa ya kitambaa iliyojazwa gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko hewa. Chini yake lilining'inia tenga la kubebea watu. Aliyetaka kupanda alimwaga mchanga wa farumi. Aliyetaka kushuka alifungua kilango cha juu ili gesi itoke. Tena palikuwa na kamba ndefu na nzito iliyoachwa iburuzike ardhini, iliyobuniwa na Mwingereza Charles Green katika karne ya kumi na tisa. Baluni ikishuka, sehemu kubwa ya kamba hulala chini, mzigo hupungua, na chombo hujituliza chenyewe. Baluni za hewa moto za leo hutumia moto wa gesi ya mitungi badala ya haidrojeni, lakini sheria ya upepo ni ile ile.

Santos-Dumont alipanda baluni kwa mara ya kwanza mwaka 1898, mjini Paris, akiongozwa na Machuron, ambaye pamoja na Lachambre walikuwa mafundi mashuhuri wa baluni. Karakana ya Lachambre ndiyo iliyotengeneza baluni ya Msweden Andrée, aliyeondoka mwaka 1897 kwenda Ncha ya Kaskazini asirudi tena.

Siku hiyo kijana alilewa furaha. Mawingu yalikuwa chini yake, na kengele za vijijini zilisikika kwa mbali. Walipoanza kushuka, upepo ukawavuma, na ile kamba ya kuburura ikanasa katika matawi ya mti wa mwaloni. Tenga likasukwasukwa kama mtumbwi katika mawimbi ya Ziwa Albert, nao wakatupwa huku na huku mpaka walipomwaga farumi na kujinasua. Ndipo Machuron akamwonyesha jambo la maana kuliko yote. Hakuiachia baluni ianguke popote. Aliutafuta msitu, akaupita, akashuka upande wa pili ambako miti iliuzuia upepo, na hapo penye utulivu akatia nanga na kufungua gesi.

Wanafunzi wengi wangalikumbuka mawingu. Santos-Dumont alikumbuka mwaloni. Alijifunza siku hiyo kwamba mahali pa kutua huchaguliwa mapema, mtu akiwa bado juu na ana nafasi ya kutazama, na kwamba kila kisimamacho ardhini ni adui wa chombo kilichokwisha kuchelewa.

WATOTO WENYE TIARA

Mwaka huo huo alijitengenezea baluni ndogo kupita zote, akaiita Brasil. Ilikuwa ya hariri ya Kijapani, na mfuko wake ulikuwa na ujazo wa mita za ujazo 113 tu. Kisha akafanya jambo ambalo wenzake waliliona wazimu: alitengeneza mfuko mrefu kama sigara, akautundikia injini ya petroli na rafadha, akakusudia kwenda atakako bila kuuomba upepo ruhusa. Wataalamu walimwonya kwamba kuweka moto wa injini chini ya haidrojeni ni kujichimbia kaburi.

Tarehe 18 Septemba 1898 merikebu yake ya anga ya kwanza ilikuwa tayari. Yeye alitaka kuondoka akiukabili upepo. Mabingwa wa baluni waliokuwapo wakashikilia kwamba aondoke kwa kuufuata upepo, kama ilivyo desturi ya baluni za mviringo. Akawakubalia, kinyume cha akili yake mwenyewe. Injini na upepo vikamsukuma kwa pamoja, na kabla hajapata kimo akapigwa katika miti ya upande wa pili wa uwanja. Chombo kikararuka. Hakumlaumu mtu. Alikwenda kukiziba, na siku mbili baadaye akaondoka kwa namna aliyoitaka mwanzo, akaipita miti salama mbele ya macho ya wote.

Akapanda kama mita 400. Lakini wakati wa kushuka gesi ilisinyaa, pampu ya kuingizia hewa haikutosha, na mfuko ule mrefu ukaanza kukunjika katikati kama kisu cha mfukoni. Akawa anaanguka kwa kasi. Chini, katika uwanja wa nyasi wa Bagatelle, walikuwapo watoto wakirusha tiara. Akawapigia kelele waishike ile kamba ndefu na wakimbie kuukabili upepo. Watoto wale, waliojua tabia ya tiara kuliko mabingwa wengi, wakaelewa mara moja. Wakaishika, wakakimbia, na chombo kikapunguza kasi kama tiara ipunguzavyo ivutwapo dhidi ya upepo. Akafika chini akiwa hai.

Tunaomba msomaji alikumbuke tendo hilo la watoto, kwani tutalirudia mbele kwa sababu kubwa.

PAA LA HOTELI YA TROCADÉRO

Tajiri mmoja wa mafuta mjini Paris, Henri Deutsch de la Meurthe, alikuwa ametoa zawadi ya faranga 100,000 kwa mtu wa kwanza kuondoka Saint-Cloud, kuuzunguka mnara wa Eiffel na kurudi, jumla ya kilometa 11 hivi, ndani ya dakika 30. Santos-Dumont akajitia katika mashindano hayo kwa chombo chake cha tano.

Tarehe 13 Julai 1901 aliuzunguka mnara, lakini wakati wa kurudi injini ilikufa, akaangukia juu ya mti katika bustani ya tajiri Rothschild. Binti wa mfalme wa mwisho wa Brazili, Isabel, aliyekuwa akiishi jirani, alisikia kwamba mwananchi wake amekwama mtini akikinasua chombo chake, akampelekea chakula cha mchana huko huko juu.

Tarehe 8 Agosti haikuwa siku ya kucheka. Gesi ilikuwa ikivuja. Mfuko ulipolegea, nyaya za chuma zilizolishikilia tenga zikashuka hadi karibu na rafadha, na ikambidi aizime injini ili zisikatwe. Upepo ukamrudisha kuelekea mnara wenyewe. Kati ya kugongana na mnara na kushuka haraka, akachagua kushuka. Alidhani angeufikia mto Seine. Badala yake alipiga paa la hoteli ya Trocadéro, mfuko ukapasuka kwa kishindo, na yeye akabaki akining'inia katika tenga lake kando ya ukuta, boriti nyembamba ya chombo ikiwa imekwama kati ya kuta mbili.

Askari wa zimamoto wa Passy walikuwa wameliona anguko hilo kutoka kituoni kwao. Hawakungoja kuitwa. Walikuja mbio, wakapanda juu ya paa, wakamteremshia kamba, wakamvuta. Baada ya kuokolewa alirudi kukitazama chombo chake kilichoharibika, na jioni ile ile akaagiza kingine kianze kutengenezwa. Twawataja askari hao hapa ingawa historia haikuyashika majina yao. Asingalikuwapo mshindi wa Oktoba kama wasingalikuwapo wao Agosti.

Tarehe 19 Oktoba 1901, kwa chombo chake cha sita, aliuzunguka mnara na kurudi. Akaupita mstari wa mwisho kabla ya dakika 30 kutimia, lakini kamba yake ilipokamatwa na watu wa chini muda ulikuwa umezidi kidogo. Waamuzi wakabishana: je, safari huisha chombo kipitapo mstari, au huisha watu washikapo kamba? Umati ukampigania. Zawadi akapewa, naye akaigawa kwa maskini wa Paris na kwa mafundi waliofanya kazi pamoja naye. Hakujiwekea kitu.

Mwanzoni mwa mwaka 1902 alianguka tena, safari hii katika ghuba ya Monaco, na mashua zikamfikia. Akaokolewa, akaendelea.

MBELE YA JESHI NA MBELE YA POLISI

Tarehe 14 Julai 1903, sikukuu ya taifa la Ufaransa, jeshi lilikuwa katika gwaride kubwa huko Longchamp. Santos-Dumont alikuja juu ya uwanja kwa merikebu yake ndogo ya tisa, akasimama mbele ya Rais Loubet, akatoa bastola na kupiga risasi ishirini na moja za heshima. Baada ya hapo aliliandikia jeshi la Ufaransa kwamba vita vikitokea merikebu zake za anga ni mali yao, isipokuwa kama vita ni dhidi ya nchi za bara la Amerika.

Tarehe 23 Oktoba 1906, kwa ndege nzito kuliko hewa aliyoiita 14-bis, aliruka kama mita 60 mbele ya umati wa Bagatelle. Tarehe 12 Novemba akaruka mita 220. Ndugu wawili wa Kimarekani, Wright, walikuwa wamekwisha kuruka tangu mwaka 1903, lakini Ulaya haikuwa imewaona. Kisha alitengeneza ndege ndogo iitwayo Demoiselle, na michoro yake akaiachia watu wote waitumie bila malipo. Hata saa ya mkononi, ambayo leo askari hawezi kuingia zamu bila hiyo, ilipata sifa kwa wanaume kupitia kwake. Rafiki yake Cartier alimtengenezea moja ili asihangaike na saa ya mfukoni huku mikono imeshika usukani.

Mwaka 1910, baada ya ajali nyingine, akaacha kuruka. Maradhi ya mishipa ya fahamu yalikuwa yamemwingia. Alihamia kijiji cha pwani nchini Ufaransa, akawa akitazama nyota kwa darubini. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914, majirani walishuku darubini ile iliyotengenezwa Ujerumani na lafudhi ile ya kigeni, wakadai ni jasusi azitazamaye meli za kivita. Polisi wakaja kumpekua. Ilidhihirika kwamba hana hatia yoyote. Lakini yeye aliyekuwa ameupa usia wa vyombo vyake kwa jeshi la nchi hiyo hakuweza kulimeza fedheha hilo. Akazichoma karatasi zake, na kwa hiyo mengi aliyoyaandika kwa miaka mingi yakapotea. Hatuyasemi haya kuwalaumu askari wa siku zile. Taarifa ikipelekwa, askari hana budi kuichunguza. Twayasema kwa kuwa mpakani kama Koboko, ambako mtu huvuka kutoka Kongo na Sudan Kusini kila saa, askari hukutana kila siku na mgeni mwenye chombo asichokifahamu. Kuchunguza ni wajibu. Na kuchunguza kwa adabu hakupunguzi wajibu huo hata kidogo.

MWISHO WAKE

Vita vilimwonyesha jambo ambalo hakulitazamia. Vyombo alivyovipenda viligeuka kuwa vya kumwaga mabomu. Mwaka 1926 aliisihi Shirikisho la Mataifa ipige marufuku matumizi ya ndege kama silaha. Hakusikilizwa.

Tarehe 3 Desemba 1928 alirudi Brazili kwa meli. Kundi la wasomi na marafiki lilipanda ndege ya majini iliyopewa jina lake ili wamkaribishe kutoka angani bandarini Rio de Janeiro. Ndege hiyo ikaanguka mbele ya macho yake, na wote waliokuwamo wakafa. Mtu aliyeanguka mara nyingi akaokolewa kila mara, sasa alisimama sitahani akiwatazama wengine wakianguka kwa ajili yake, wala hapakuwa na kamba ya kushika. Aliomba sherehe zote zifutwe, akahudhuria mazishi.

Julai 1932 jimbo la São Paulo liliasi dhidi ya serikali kuu ya Brazili. Ndege zilipigana Wabrazili kwa Wabrazili. Santos-Dumont, mgonjwa wa mwili na aliyelemewa na huzuni, alikuwa katika mji wa pwani wa Guarujá. Tarehe 23 Julai 1932, siku tatu baada ya kutimiza miaka 59, alijitoa uhai. Taifa lote, pande zote mbili za vita, likamlilia.

LILILOBADILIKA TANGU SIKU ZAKE

Sasa turudi kwa wale watoto wa Bagatelle, kama tulivyoahidi.

Katika siku za Santos-Dumont waya uliotapakaa mashambani ulikuwa wa simu. Ulikuwa kizuizi, ukiweza kunasa kamba na kupindua tenga, lakini haukuua kwa kugusa. Leo waya upitao shambani huweza kuwa na volti 11,000 au 33,000, na ule mkubwa volti 132,000. Kamba yenye umande huupitisha umeme, na tenga lina vyuma na mitungi ya gesi. Kwa hiyo tendo lile lile lililomwokoa Santos-Dumont mwaka 1898, yaani watu kukimbilia kamba na kuivuta, leo karibu na nyaya za umeme huweza kuwaua waliomo ndani ya tenga na waokoaji wao pamoja.

Dunia imelipia somo hili kwa roho za watu. Huko Carterton, New Zealand, tarehe 7 Januari 2012, baluni ilikaribia nyaya, rubani akajaribu kupanda ili azivuke, hakuwahi. Ikashika moto na watu wote 11 wakafa. Huko Lockhart, jimbo la Texas, Marekani, tarehe 30 Julai 2016, baluni iligonga nyaya na watu 16 wakafa. Huko Albuquerque, Marekani, tarehe 26 Juni 2021, wakafa watano.

Marubani wa baluni hufundishwa kwamba nyaya zikiwa zimekaribia mno na kupanda hakuwezekani tena kwa hakika, ni afadhali kushuka upesi, kutoa hewa yote, na kuifunga gesi kwenye mitungi. Sababu yake ni hii: waya ukikutana na kitambaa cha juu, watu wana tumaini, ukikutana na tenga au nyaya za chuma zinazolishikilia, tumaini ni dogo. Huo ndio uamuzi alioufanya Santos-Dumont alipochagua kushuka badala ya kuuvamia mnara. Kimo kinachokosekana hakipatikani kwa kutamani.

Na askari aliye chini afanye nini? Kwanza, asiguse baluni, tenga, kamba wala waya, hata kama waya umekatika na kulala kimya. Waya wenye umeme hauna sauti wala rangi ya kujitambulisha, na mitambo mingine huurudisha umeme yenyewe baada ya muda mfupi. Pili, awazuie watu wasikaribie. Mita 10 ni uchache kabisa, na kwa nyaya kubwa umbali uzidi, kwani hata ardhi iliyo chini ya waya huweza kupitisha umeme. Umati ni hatari kubwa kuliko yote, kwa kuwa huruma huwasukuma watu mbele. Tatu, awaite upesi wenye mamlaka ya umeme wakate njia hiyo, na angoje uthibitisho wao kabla ya kuruhusu mtu yeyote kusogea. Nne, awaamuru waliomo ndani ya tenga wabaki humo humo wakiwa salama. Moto pekee ndio sababu ya kutoka, na hapo mtu aruke mbali, miguu yote miwili pamoja, asiguse tenga na ardhi kwa wakati mmoja, kisha aende kwa hatua ndogo za kuburura miguu. Tano, azime sigara na moto wote wa jirani, kwani mitungi ya gesi imo.

Ni vigumu kusimama mita 10 huku binadamu mwenzako analia. Lakini askari ajuaye kungoja amri mbele ya adui anaweza pia kungoja umeme ukatwe. Kungoja huko si woga.

Wahenga wetu walisema aliye juu mngoje chini. Mara nyingi methali hii husemwa kwa kinyongo, kumwambia mwenye cheo kwamba siku yake ya kuanguka yaja. Maisha ya Santos-Dumont yametufundisha kuisoma kwa namna nyingine. Watoto wenye tiara walimngoja, zimamoto wa Passy walimngoja, mashua za Monaco zilimngoja, na kila mara mtu yule mdogo alisimama tena. Askari wa Arua na Koboko, siku mfuko wa rangi utakapoonekana ukielea chini mno kuelekea nguzo za barabarani, nawe mngoje aliye juu: macho wazi, umati nyuma, taarifa imekwisha kupelekwa, na mikono yako mbali na kamba mpaka umeme ukatwe.